Rangi Tatu za Lugha, na Rangi Walizojichagulia Watu

Mwalimu akimwuliza mtoto wa shule, "Wapenda rangi gani?" hupata jawabu la upesi, naye huliandika ubaoni na kugeukia somo jingine, asidhani kwamba amesikia neno kubwa. Sisi twaona ya kuwa swali hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Maana rangi aipendayo mtu haikutoka moyoni mwake peke yake. Imetoka katika lugha aliyofundishwa na mama yake, katika nguo ambazo wazee wake walizivaa kwa kupenda au walivikwa kwa kulazimishwa, na katika picha alizoonyeshwa alipokuwa mdogo.

Basi katika makala haya twataka kuifuata habari ya rangi katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, tukianza na maneno, kisha shanga na nguo za biashara, na mwisho picha. Nasi twataka kuthibitisha jambo moja: ya kuwa watu wa nchi hizi hawakuzipokea rangi za wageni kama mtungi unavyopokea maji. Walichagua. Na wale walionyimwa ruhusa ya kuchagua hawakusahau. Siku walipoipata, nguo ilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoyabadili.

I. Maneno ya rangi

Kiswahili kina maneno matatu tu ya rangi yaliyo sifa kamili, yaani yanayofuata jina na kupatana nalo: -eupe, -eusi, na -ekundu. Twasema mtu mweupe, kitambaa cheupe, jiwe jeupe, nyumba nyeupe. Na vivyo hivyo kwa weusi na wekundu. Rangi nyingine hazina shina la namna hiyo. Majina yake yameazimwa kwa vitu. Manjano ni mzizi utiwao katika mchuzi. Kijani chatoka kwa jani, kijivu kwa majivu, kahawia kwa kahawa, na zambarau ni tunda la mti. Samawati ni neno la Kiarabu lililotoka katika jina la mbingu. Nili ni dawa ya kutilia nguo rangi, na jina lake limevuka bahari pamoja na dawa yenyewe. Hata hudhurungi ilikuwa nguo ya pamba ya rangi ya udongo, iliyovaliwa sana na Waarabu, kabla watu hawajaifanya kuwa jina la rangi. Ndiyo sababu mzee husema "nguo ya rangi ya manjano," wala hasemi "nguo manjano". Akilini mwake manjano bado ni kitu cha jikoni.

Wageni wengine wa zamani waliona hayo wakadhani ni upungufu, kana kwamba asiye na neno hana jicho. Walikosa sana. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa kitabu walichokiandika baada ya kulinganisha maneno ya rangi katika lugha 98 za ulimwengu. Walisema ya kuwa lugha ikiwa na maneno matatu tu ya msingi, hayo huwa ni ya weupe, weusi, na wekundu. Waliowafuata wamesahihisha mengi katika kazi yao, lakini neno hili kwa sehemu kubwa limesimama. Basi maneno yetu matatu si dalili ya umaskini. Ni msingi ule ule ambao watu wa mataifa mengi wamejengea nyumba zao.

Tena maneno hayo matatu ni nyumba pana. Katika wekundu hukaa damu, na udongo, na ng'ombe ambaye Mzungu angesema ni wa rangi ya kahawa. Katika weusi huingia hata buluu iliyokolea. Kaniki, tutakayoisimulia mbele, ilitiwa nili, na bado watu waliihesabu kuwa nguo nyeusi. Na ngozi ya mtu ikiwa si nyeusi sana wala si nyeupe, Mswahili hasemi kwa neno moja, bali husema ni mtu wa maji ya kunde, naye kila aliyepika kunde amekwisha kumwona mtu huyo.

Wafasiri wa Biblia walilijua jambo hili kwa taabu. Walipofika katika kitabu cha Kutoka, mahali panapotajwa nyuzi za hema, iliwapasa kutafuta majina ya rangi ambazo lugha haikuwa na sifa zake. Katika Biblia iliyotoka mwaka 1952 waliazima jina la mbingu na jina la tunda la zambarau. Wala hatuoni kosa. Msikiaji wa pwani apatapo maneno hayo huiona ile hema kwa macho yake, maana mbingu iko juu ya kichwa chake na mzambarau uko nyuma ya nyumba.

II. Weusi si ubaya

Hapa yatupasa kusema neno kwa waalimu na mapadre, maana jambo hili lagusa kazi yetu. Tumezoea kufundisha ya kuwa weupe ni usafi na weusi ni dhambi, nasi twadhani watu wote huona hivyo kwa asili. Kiswahili chenyewe husema moyo mweupe kwa mtu asiye na hila, na hilo latusaidia. Lakini si kila kabila lililotuzunguka lilianza mahali hapo.

Wamasai katika habari zao za zamani, zilizoandikwa na A. C. Hollis katika kitabu chake cha mwaka 1905, walisimulia Miungu miwili, mweusi na mwekundu. Aliye mwema ni yule mweusi. Yeye hupenda kuwapa watu mvua na majani. Mwekundu ndiye mwenye hasira, anayetaka kuwanyima. Sababu yake haimpasi mtu kwenda mbali kuitafuta. Wingu lenye mvua ni jeusi, na mfugaji anayeliona hufurahi, maana ng'ombe wake watakula. Mbingu isiyo na wingu, iliyo nyekundu kwa vumbi na jua, ni mbingu ya njaa.

Basi mwalimu afikapo kwa watu walioita jema kwa jina la wingu jeusi, akawaambia pasipo maelezo ya kuwa weusi ni rangi ya Shetani, amewaambia mambo mawili asiyoyakusudia: kwanza, ya kuwa mvua ni mbaya, pili, ya kuwa ngozi zao wenyewe zina hatia. La kwanza watalicheka. La pili hawatalicheka, bali watalichukua kimya mpaka nyumbani. Twawasihi wenzetu walifikiri neno hili. Rangi katika mafundisho ni mfano, na mfano usioeleweka hugeuka kuwa jiwe la kukwaza.

III. Shanga za njiani

Katika karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka Bagamoyo na pwani nyingine kwenda bara ilichukua nguo, waya, na shanga, kwa kuwa ndizo zilizokuwa fedha ya njiani. Shanga nyingi zilitengenezwa Venice, katika nchi ya Italia. Mtu angeweza kudhani ya kuwa watu wa bara walifurahia kila kilichong'aa. Wafanya biashara walijua kwamba sivyo, maana wengine walifilisika kwa kudhani hivyo.

Richard Burton, aliyesafiri bara katika miaka ya 1857 hata 1859, aliandika ya kuwa shanga nyekundu zilizoitwa samsam zilipewa pia jina la kivunja-mji, kwa jinsi wanawake walivyozitamani. Na Henry Stanley, alipokuwa Unguja mwanzo wa mwaka 1871 akijitayarisha kwenda kumtafuta Livingstone, alifundishwa elimu hiyo na wenyeji kabla ya kununua magunia yake 22 ya shanga. Aliambiwa ya kuwa Unyamwezini watu hupokea nyekundu na kukataa nyingine. Ya kuwa nyeusi hupita Ugogo lakini kwa makabila mengine hazina thamani hata kidogo. Ya kuwa nyeupe ni njema Ufipa na katika sehemu za Usagara na Ugogo, lakini hudharauliwa na Wazigua na Wakonongo. Na zile kubwa zilizofanana na yai hutakiwa Ujiji, na mahali pengine hazitakiwi. Msafiri aliyekosa hesabu hiyo angeweza kufa njaa na mizigo ya shanga mikononi mwa wapagazi wake.

Wasomaji na wautazame ukweli huo. Katika vitabu vingi yasemekana Mwafrika alidanganywa kwa shanga. Lakini mtu aliyekataa gunia zima la shanga nyeusi kwa sababu kwao haikuvaliwa nyeusi hakuwa mtu wa kudanganywa na kila king'aacho. Alijua atakacho. Kiwanda cha Venice, kilicho mbali kuliko alivyoweza kufikiri, kililazimika kufuata jicho lake. Maana shanga isiyopendwa ilirudi pwani, au ilitupwa njiani.

IV. Kaniki na kanga

Sasa twafika katika sehemu ya habari hii iliyo na uchungu. Tangu miaka ya 1830 Wamarekani walileta Unguja nguo ya pamba isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya kwao, na merikebu nyingi zilizoileta zilitoka mji wa Salem. Mkataba wao na Seyyid Said ulifanywa mwaka 1833, na balozi wao mdogo alifika Unguja mwaka 1837. Nguo hiyo watu waliiita merikani, na jina hilo limedumu hata leo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea Marekani, mwaka 1861 hata 1865, merikani ilipungua, na nguo za Uingereza na India zikapata nafasi. Pamoja na merikani ilikuwako kaniki, nguo iliyotiwa nili mpaka ikawa karibu na weusi; tena ilikuwako bendera, nguo nyekundu, iliyofanana na bendera ya Masultani wa Unguja, ambayo siku zile ilikuwa nyekundu tupu.

Rangi hizo hazikuwa za kila mtu sawasawa. Katika mji wa Unguja mtu alijulikana kwa mavazi kabla hajafungua kinywa. Mwungwana mwanamume alivaa kanzu na kofia au kilemba. Mtumwa alijifunga kipande cha merikani kiunoni, kichwa wazi, miguu mitupu. Mwanamke mtumwa alijifunga kaniki, au merikani, chini ya mabega, wala hakuwa na ruhusa ya kujifunika kichwa kama bibi yake. Basi merikani na kaniki, ambazo bara zilikuwa mali ya thamani, pwani zilikuwa kama muhuri wa utumwa. Nguo ni ile ile, rangi ni ile ile. Iliyobadilika ni nafasi ya mtu aliyeivaa, na kama aliichagua au alipewa.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale pakajengwa kanisa ambalo wasomaji wetu wengi wamelisali. Lakini kufunga soko si kufungua mtu. Hali ya utumwa iliondolewa katika sheria ya Unguja na Pemba mwaka 1897, na hata hapo masuria waliachwa nje, mpaka sheria nyingine ya mwaka 1909. Kenya pwani ilifuata mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922.

Wakati uo huo kanga ilikuwa imekwisha kuanza. Asili yake yasimuliwa hivi. Wanawake wa pwani walinunua leso zenye maua, ambazo jina lake ni la Kireno. Walizinunua kwa kitambo kizima, zikiwa bado hazijakatwa, wakazishona tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja pana. Kisha wafanya biashara wakaona heri kuipiga chapa nzima, yenye pindo na mji. Wengi husema iliitwa kanga kwa sababu madoadoa yake ya kwanza yalifanana na ya ndege yule. Zilipigwa chapa Uingereza, Uholanzi, Uswisi, na baadaye India na Japani. Lakini waliochagua ni wanawake wa Unguja, Mombasa, na Lamu. Baadaye yakatiwa na maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi. Duka la Mombasa lijulikanalo kwa jina la Mali ya Abdulla, lililoanza mwaka 1887, limekuwa na sifa kubwa katika kazi hiyo.

Watu walipotoka utumwani walifanya nini? Waliiacha kaniki. Wanaume walitafuta kanzu na kofia, na wanawake walitafuta kanga za rangi kali, mbili mbili, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda. Tena hiyo ya kujitanda ilikuwa na maana kubwa kuliko ile ya kujifunga, kwa kuwa ndiyo iliyofunika kichwa kilichokatazwa kufunikwa. Mgeni aliyepita sokoni aliona maua na madoa, akadhani ni upenzi wa mapambo. Aliyeishi pale alisoma jambo jingine. Mwanamke yule alikuwa akisema, pasipo kufungua kinywa, "Nguo hii nimeinunua mimi, na rangi hii nimeichagua mimi."

Twaongeza neno moja kwa wapenda lugha. Kati ya kanga zote, ile iheshimiwayo katika arusi za pwani ni kisutu, na rangi zake ni tatu: nyeupe, nyeusi, na nyekundu. Kanga nyingine hubadilika kila mwaka, lakini kisutu hudumu. Hatuwezi kuona jambo hilo bila kukumbuka zile sifa tatu tulizozitaja mwanzoni. Rangi tatu ambazo lugha imezipa shina lake yenyewe ndizo zinazomfunika bibi arusi siku yake kubwa.

V. Picha na uso wa mtu

Yaliyokuwa katika nguo yakawa katika picha pia. Kwa miaka mingi picha zilizotundikwa katika shule na makanisa yetu zilitoka Ulaya. Zilikuwa njema, na walioleta walileta kwa mapenzi. Lakini mtoto aliyezitazama aliwaona Mariamu na Yusufu wenye nyuso za Kizungu, na wachungaji wenye kondoo wa manyoya mengi, katika nchi asiyoijua. Akiambiwa achore kuzaliwa kwa Bwana, alichora watu wasiofanana na mtu yeyote wa kijiji chake. Nasi tulimsifu kwa kunakili vizuri.

Shule ya uchoraji iliyoanzishwa Makerere na Bibi Margaret Trowell katika miaka ya 1930 ilileta fikira nyingine. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Sam Ntiro, Mchaga wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923. Alisoma pia London, na baada ya Uhuru wa Tanganyika alikuwa balozi huko. Lakini picha zake zilibaki Kilimanjaro: watu wakilima pamoja, wakijenga, wakienda arusini. Picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, aliyoichora mwaka 1956, ilinunuliwa na jumba la sanaa za kisasa la New York. Watu wa mbali waliipenda kwa sababu mchoraji hakujaribu kuwafanana.

Mwingine ni Elimo Njau, Mchaga wa Marangu, aliyezaliwa mwaka 1932 naye akasoma Makerere. Katika miaka ya 1950 alichora kuta za kanisa la Waanglikana la Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall zamani za Waingereza. Kanisa hilo lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa Mau Mau. Njau alichora maisha ya Kristo, kuzaliwa kwake na kubatizwa kwake, hata kusulibiwa, na yote aliyaweka katika nchi ya Wakikuyu, kati ya vilima vyao na nyumba zao, na watu wenyewe ni Waafrika. Na tufikiri jinsi ilivyokuwa siku zile. Katika nchi iliyokuwa imegawanyika, ndugu na ndugu wameuana, waumini waliingia kanisani wakamwona Mwokozi akiteswa mahali panapofanana na shamba lao. Hawakuhitaji kuelezwa ya kuwa ameshiriki mateso yao. Huyo ndiyo maana ya picha ambayo mtu hujiona ndani yake. Haimsifu, bali yamwita kwa jina.

Wa tatu hakusoma uchoraji katika shule yoyote. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaja Dar es Salaam, na mnamo mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege juu ya mbao za dari, kwa rangi za mafuta zing'aazo, zilizouzwa madukani kwa kupakia baiskeli. Aliuawa kwa risasi mwaka 1972, lakini jamaa zake na wanafunzi wao wameichukua kazi hata jina lake limekuwa jina la uchoraji wenyewe. Wako wanaosema ya kuwa picha hizo zilichorwa kwa ajili ya mifuko ya wageni, na ni kweli ya kuwa wageni wamezinunua kwa wingi. Hata hivyo mchoraji yule alitwaa rangi iliyo karibu naye, iliyokusudiwa kwa chuma cha baiskeli, akaifanya kuwa sauti yake. Si tofauti na wale wanawake walioshona leso sita wakapata kanga.

VI. Mwisho

Basi mtu akituuliza ni picha gani ambayo watu wa pwani yetu wameipenda kuliko zote, hatutamjibu kwa jina la mchoraji. Tutamwonyesha kanga. Nyumba nyingi hazina picha ukutani, lakini ni chache zisizo na kanga sandukuni. Ina rangi, ina umbo, ina pindo kama picha ilivyo na mbao zake. Ina na maneno. Hupokea mtoto azaliwapo, hufunika arusi, na hutandwa matangani. Mchoraji wake hana jina, lakini aliyeichagua analo.

Twawaomba waalimu wenzetu wafanye kazi ndogo. Wakae na wazee wa mahali pao, wawaulize majina ya rangi kwa lugha ya nyumbani, na hasa majina ya rangi za ng'ombe na mbuzi, ambayo kwa wafugaji ni mengi ajabu. Wawaulize pia nguo gani ilivaliwa na nani, na nani alikatazwa. Wayaandike kama walivyosikia, bila kuyanyosha, nasi tutafurahi kuyapokea. Na siku watakapomwuliza mtoto apenda rangi gani, wamwulize na swali la pili: "Umeiona wapi?" Hapo ndipo somo litakapoanza.